Kipakatalishi cha mwanafunzi wa chuo kikuu: Yapime haya kabla ya kulipa

KILA mwaka KUCCPS inapomaliza kuwagawia watahiniwa wa KCSE nafasi za vyuo vikuu, familia nyingi huanza hesabu upya. Kuna karo, malazi, nauli na godoro. Kisha kuna kipakatalishi, ambacho mara nyingi ndicho kifaa ghali zaidi atakachobeba mwanafunzi kutoka nyumbani. Wapo wazazi wanaouza ng’ombe au kukopa chamani ili kukinunua, na wapo wanafunzi wanaosubiri mkopo wa kujikimu kutoka kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB).

Fedha hizo zikipotea kwa kifaa kibovu, aghalabu hakuna nyingine za kununua cha pili. Nayo masomo hayamngojei mtu. Tangu janga la corona lilipofunga vyuo nchini mnamo Machi 2020, mihadhara, kazi za ziada na hata baadhi ya mitihani imezidi kuhamia mitandaoni. Mwanafunzi asiye na kifaa hulazimika kuandika tasnifu kwenye simu au kumwomba mwenzake wa chumbani.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kipakatalishi bora si lazima kiwe kipya wala cha jina kubwa. Ni kile kinachoimudu kazi ya kozi husika, ambacho mfumo wake utaendelea kuhudumiwa hadi mwanafunzi ahitimu, na ambacho mnunuzi amekipima mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

Anza na kozi, si duka

Mwanafunzi wa ualimu, sheria, biashara au lugha hutumia kifaa chake kuandika, kusoma makala, kuandaa slaidi na kuhudhuria mihadhara ya mtandaoni. Kazi hizi hazihitaji nguvu nyingi. RAM ya GB 8 yamtosha, naye ataneemeka zaidi akipata betri nzuri na uzito mdogo wa kubeba siku nzima.

Anayesomea sayansi ya kompyuta au uhandisi wa programu ana mahitaji mengine. Zana za kuunda programu za simu, kama vile Android Studio, hula kumbukumbu kwa pupa. Huyu atafute GB 16, au angalau kifaa kinachoruhusu kuongezewa RAM baadaye.

Wanafunzi wa uhandisi, usanifu majengo na upimaji ardhi wawe waangalifu zaidi. Baadhi ya programu zao, zikiwemo Revit, SolidWorks na ArcGIS Pro, zimeundiwa Windows pekee. Mzazi anayemnunulia msanifu majengo MacBook kwa sababu inapendeza huenda akagundua baadaye kwamba programu kuu ya kozi haiingii humo. Michoro ya pande tatu pia huhitaji kadi ya picha inayojitegemea, sawa na kazi ya kuhariri video kwa wanafunzi wa uanahabari na filamu. Hata hivyo, mwaka wa kwanza wa kozi hizi huwa na hisabati na nadharia kwa wingi. Asiye na fedha za kutosha anaweza kuanza na kifaa cha wastani, atumie maabara ya chuo, kisha anunue chenye nguvu mahitaji yanapodhihirika.

Chromebook nazo huuzwa kwa bei nafuu na betri zake hudumu. Lakini haziendeshi programu za Windows, huegemea sana intaneti, na kila modeli ina tarehe ambapo Google huacha kuihudumia. Anayenunua iliyotumika aulize kwanza tarehe hiyo.

Soma nambari, usisome kibandiko

Wauzaji wengi hutaja “Core i5” au “Core i7” kana kwamba hilo latosha. Halitoshi. Lenye uzito ni kizazi cha prosesa, na hicho husomwa katika tarakimu zinazofuata. Prosesa ya i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-8350U ni ya kizazi cha 8, na i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11. Hivyo basi, i5 ya kizazi cha 8 yaweza kuishinda i7 ya kizazi cha 4 kwa mbali, ingawa kibandiko cha i7 ndicho kinachovutia macho.

Majina ya modeli nayo hupotosha. HP EliteBook 840 G3 na 840 G6 hutofautiana kwa tarakimu moja tu katika jina, lakini ya kwanza ina prosesa ya kizazi cha 6, na ya pili ya kizazi cha 8. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo kifaa kitakubali rasmi Windows 11.

Kuhusu hifadhi, chagua SSD badala ya diski ya zamani inayozunguka. SSD haina sehemu inayosogea, hivyo huwasha kifaa kwa sekunde chache na hustahimili misukosuko ya matatu na basi. SSD ya GB 256 ni bora kwa mwanafunzi kuliko diski ya kuzunguka ya GB 1,000, hata kama nambari ya pili ni kubwa.

Mtego wa Windows 10

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10. Kifaa chenye mfumo huo hakizimiki, lakini hakipokei tena marekebisho ya usalama ya kawaida, na muda wa nyongeza uliotolewa kwa wanaojisajili ni mfupi. Kwa mtu anayetumia kifaa kuingia katika akaunti za chuo na benki, hilo si jambo dogo.

Windows 11 ina masharti yake: RAM isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa inayokubalika. Kwa Intel, prosesa hizo kwa jumla huanzia kizazi cha 8. Kwa AMD, Ryzen za mfululizo wa 3000 kwenda juu ni chaguo la kutegemewa. Wapo mafundi wanaolazimisha Windows 11 kuingia katika vifaa vya kizazi cha 4 au cha 6. Hufanya kazi leo, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba vifaa hivyo vitaendelea kupokea marekebisho.

Shahada nyingi nchini huchukua miaka minne. Uhandisi huchukua mitano, na udaktari sita. Kifaa kilichokwisha kuachwa na mwundaji wake siku kinaponunuliwa hakiwezi kuaminiwa kwa safari ya urefu huo.

Mwenye kifaa cha zamani nyumbani asikitupe. Mfumo wa Linux, kwa mfano Ubuntu, hupatikana bila malipo na hukipa uhai mpya kwa kazi za kawaida, pamoja na LibreOffice kwa kuandikia. Kwa upande wa Apple, toleo la macOS 26 lililotoka mwaka 2025 ndilo la mwisho kwa MacBook za prosesa za Intel. Anayetaka MacBook iliyotumika atafute zenye prosesa za Apple, zilizoanza kuuzwa kwa jina M1 Novemba 2020.

Kipya hafifu au mtumba imara?

Hapa ndipo wazazi wengi hukwama. Kipakatalishi kipya cha bei ya chini kabisa huwa na prosesa hafifu, RAM ya GB 4 iliyochomelewa isiyoweza kuongezwa, na mwili wa plastiki. Kwa kiasi hicho hicho cha fedha, mnunuzi aweza kupata kifaa kilichotumiwa na kampuni ng’ambo, ambacho wauzaji wa Moi Avenue na Luthuli Avenue jijini Nairobi hukiita “ex-UK”.

Kampuni na ofisi za nje hubadilisha vifaa baada ya miaka michache hata kama bado vizima. Aina kama ThinkPad T, Latitude na EliteBook ziliundwa kwa matumizi ya kila siku ofisini: bawaba zake ni ngumu, vipuri vyake hupatikana, na fundi huzifungua kwa urahisi. Kwa mwanafunzi mwenye fedha chache, mtumba wa ofisi wenye prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya GB 8 na SSD ni chaguo la busara kuliko kipya kilicho dhaifu.

Ila mtumba una siri zake, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kifaa kinachoshushwa bei kwa haraka ili ulipe sasa hivi ndicho cha kupimwa mara mbili.

Vipimo vya dakika ishirini dukani

Muuzaji mwaminifu hatakataa ukae na kifaa kwa dakika ishirini. Fanya yafuatayo:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike msinfo32. Ukurasa utakaofunguka utaonyesha prosesa na RAM halisi. Vilinganishe na maneno ya muuzaji na vibandiko.

2. Katika dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Ripoti itakayoundwa huonyesha ujazo wa betri ilipoundwa na ujazo wake sasa. Betri iliyoundwa kubeba 50,000 lakini sasa hubeba 25,000 imebaki nusu. Dai ibadilishwe au bei ipunguzwe.

3. Chomoa chaja ufanye kazi kwa dakika kadhaa bila umeme. Kifaa kinachozima ghafla kina betri iliyokufa.

4. Bonyeza kila herufi. Vifaa kutoka Ujerumani huwa na Z na Y zilizobadilishana nafasi, na vya Ufaransa huwa na A mahali pa Q. Vibandiko vya herufi vilivyowekwa juu ya kibodi hukupa sababu ya kuchunguza.

5. Fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, utafute madoa au mistari kwenye kioo.

6. Unganisha na Wi-Fi, piga simu ya video kupima kamera, maikrofoni na spika, kisha chomeka flashi katika kila tundu la USB.

7. Zima uwashe tena, ukiingia kwenye mipangilio ya BIOS. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, kiache. Vivyo hivyo ukiona ujumbe kwamba kifaa kinasimamiwa na shirika fulani, au MacBook inayodai akaunti ya mtu mwingine. Huenda kikafungwa kutoka mbali hata baada ya kukilipia.

Stakabadhi ndiyo ngao

Usiondoke dukani bila stakabadhi yenye jina la duka, modeli, nambari ya usajili ya kifaa na muda wa dhamana. Uliza waziwazi dhamana inagharamia nini. Betri na kioo mara nyingi huachwa nje. “Ikiharibika utarudisha” ni maneno ya mdomo, na siku ya tatizo huenda aliyeyasema asiwepo.

Stakabadhi hulinda kwa njia nyingine pia. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba iliibwa. Adhabu yaweza kufika miaka 14 gerezani. Kipakatalishi kinachouzwa kichochoroni bila chaja wala karatasi, kwa bei isiyoaminika, si bahati nasibu ya kumwingiza kijana wa miaka 18.

Usizimalize fedha zote kwa kifaa

Mwenye Sh40,000 asizitumie zote kwa kipakatalishi. Atenge kiasi cha begi lenye pamba ndani, kinga ya umeme na diski ya nje au flashi ya kuhifadhi nakala. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huunguza chaja, nao wezi wa hosteli hawachagui chumba.

Nambari ya usajili iandikwe mahali pengine nje ya kifaa, ili kikiibwa mwanafunzi aweze kuripoti kituoni na kupata nambari ya OB. Kazi zote zihifadhiwe mahali pawili, kwa mfano kwenye diski ya nje na mtandaoni. Kifaa kilichoibwa chaweza kununuliwa tena. Tasnifu iliyopotea wiki moja kabla ya kuwasilishwa hainunuliki.

Kabla ya kulipia programu, mwanafunzi aulize chuoni kwanza. Microsoft hutoa matoleo ya mtandaoni ya Word na Excel bila malipo kwa wanafunzi wa taasisi zilizosajiliwa, na Autodesk hufanya hivyo kwa AutoCAD na Revit. Programu zilizodukuliwa huandamana na virusi mara kwa mara.

Mwisho, mwanafunzi mwenyewe ashirikishwe. Ndiye atakayejua kozi inahitaji nini baada ya kuuliza walio mwaka wa pili na wa tatu. Ikiwa orodha ya mahitaji haijatolewa na idara, hakuna hasara kusubiri wiki mbili za kwanza za muhula zipite kabla ya kununua.