Kura ya siri, sikio la nani?

Jumanne ya 9 Agosti 2022, mpiga kura wa wadi ya Junda, jimbo la Kisauni, alipewa karatasi tano badala ya sita. Ya ugavana haikuwepo. Siku moja kabla, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilikuwa imeahirisha uchaguzi wa gavana Mombasa na Kakamega kwa sababu ya makosa kwenye karatasi zilizochapishwa. Watu wa Mombasa wakarudi vituoni 29 Agosti. Kwa mwenye miguu mizima ilikuwa adha tu. Kwa anayetembelea magongo au kiti cha magurudumu, katika vichochoro vya mchanga na mitaro ng'ambo hii ya daraja la Nyali, ilikuwa nauli ya tuktuk mara mbili na kumwomba mtu mara mbili.

Lakini njia ni nusu tu ya shida. Ukishafika na kuingia kibandani, nani atakuchorea kura, na nani atakusikia ukimtajia jina?

Mwaka 1988, KANU ikiwa chama pekee, wanachama wake waliteua wagombea kwa mlolongo: unasimama nyuma ya picha ya unayemtaka, jua likikuwakia, vichwa vinahesabiwa. Aliyezidi asilimia 70 alipita bila kupingwa. Mengi yameandikwa kuhusu wizi wa mwaka ule. Machache yameandikwa kuhusu asiyeona, aliyeshikwa mkono akapelekwa kwenye mstari, akabaki kuamini tu kwamba picha iliyo mbele ni ya mtu wake. Mlolongo uliwanyima wote siri, na ulipofutwa, wenzake walirudishiwa yao.

Asiyeona alibaki na utaratibu wa msimamizi wa kituo kumwandikia mbele ya mawakala wa vyama. Ataje jina kwa mdomo, mawakala wakisikia, kisha arudi mtaa uleule wanakoishi mawakala hao. Asiyejua kusoma naye alikuwa hapo hapo. Katika mtaa ambao kila mtu anamjua mwenziwe, hiyo ni siri ya aina gani?

Baada ya uchaguzi wa 1997, wakili asiyeona, Josephine Sinyo, aliteuliwa kuingia bungeni. Mwaka 2003 ikapitishwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ikampa mpiga kura haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, na kumfunga msaidizi huyo afuate maagizo ya mwenye kura. Ikataka pia vituo vifikike. Ni sheria fupi kwa hili, lakini ndiyo iliyohamisha sikio: kutoka kwa wakala wa chama hadi kwa mtoto, dada au jirani. Mwaka 2008 Kenya ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu.

Kisha ikaja Katiba. Ibara ya 82 inataka upigaji kura uzingatie mahitaji ya watu wenye ulemavu. Ya 54 inataja lugha ya ishara na nukta nundu, na kulenga asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Lakini kumbuka kura yenyewe ya maoni ya 4 Agosti 2010: kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa la. Nchi nzima ilifanyiwa kampeni kwa rangi ili ipate katiba ya kumkumbuka asiyeona rangi!

Kanuni za uchaguzi za 2012 zilibana zaidi: msaidizi mmoja humsaidia mpiga kura mmoja tu, na huapa kutunza siri. Zilifaa kuzuia mwenye tamaa asikusanye vipofu kumi na kuwapigia kura wote. Lakini asiye na mtu wa kumleta bado huangukia kwa msimamizi wa kituo na mawakala, palepale pa zamani. Na tangu 2013 karatasi ni sita: mara sita za kunong'ona.

Jirani zetu Tanzania, katika uchaguzi wa 2015, waliweka kikunjo chenye nukta nundu: karatasi huingizwa ndani, kidole kinasoma, mkono wa mwenyewe unatia alama. Sierra Leone na Ghana walikuwa wametangulia kwa njia hiyo. Si teknolojia ya ajabu. Katika karakana za Bombolulu, hapa hapa Mombasa, mafundi wenye ulemavu wamekuwa wakishona ngozi na kuchonga mbao tangu 1969. Kikunjo cha karatasi hakiwezi kuwashinda.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Wewe utakayemshika mkono mama, mjomba au jirani siku hiyo, utaapishwa kwanza. Mchoree alichokwambia, hata kama ni yule usiyempenda, na ukitoka usimwambie mtu.