Mawimbi ya Ubongo katika Uzee na Demenshia

Mawimbi ya ubongo ni mabadiliko ya umeme yanayotokea seli nyingi za neva zinapofanya kazi kwa pamoja. Hupimwa kwa elektrodi zinazobandikwa kichwani, kipimo kiitwacho EEG. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili huko Jena, Ujerumani, alikuwa wa kwanza kuyanasa kwa binadamu mwaka 1924, akachapisha matokeo mwaka 1929. Hugawanywa kwa kasi: delta huwa chini ya 4 kwa sekunde, theta 4 hadi 8, alfa 8 hadi 13, na beta 13 hadi 30. Kasi hiyo hupungua uzeeni, na kwa mwenye demenshia mara nyingi hupungua zaidi. Ndiyo maana wengi hudhani demenshia ni uzee uliokithiri tu. Mawimbi yenyewe yanaonyesha vingine.

Mtu mzima aliye macho akifumba macho, mistari ya EEG ya upande wa kisogo hujaa mawimbi ya alfa yaliyopangika, karibu 10 kwa sekunde. Akifumbua, hufifia mara moja. Kwa mzee mwenye afya kasi hiyo hushuka kidogo, pengine hadi 9, na itikio la kufumbua macho hubaki. Mabadiliko makubwa huonekana zaidi usiku: mawimbi ya delta ya usingizi mzito hupungua ukubwa, na usingizi huwa mwepesi. Lakini alfa ikishuka chini ya 8 kwa mtu aliye macho kabisa, hata akiwa na miaka 85, hiyo si hali ya kawaida.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, kwanza theta huongezeka, kisha beta na alfa hupungua, na delta hutawala ugonjwa ukishakomaa. Sababu mojawapo ni kufa kwa seli za sehemu ya chini ya ubongo wa mbele zinazosambaza asetilikolini. Kijana mwenye afya akipewa skopolamini, dawa inayozuia kemikali hiyo, mawimbi yake hupungua kasi na kumbukumbu huyumba kwa muda. Tena kila demenshia ina sura yake. Ile ya miili ya Lewy huleta mawimbi ya kisogoni yaliyopungua kasi na yanayobadilikabadilika, dalili iliyoingizwa mwaka 2017 katika vigezo vya kimataifa vya kuitambua. Ile ya sehemu za mbele na za pembeni za ubongo mara nyingi huacha EEG karibu na kawaida mwanzoni. Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob unaweza kuleta mawimbi makali yanayojirudia takriban mara moja kwa sekunde. Kama chanzo kingekuwa umri peke yake, tofauti hizi zisingekuwepo.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba vipimo vya wazee wazima na vya wagonjwa wa mwanzo hukaribiana, na kwamba maambukizi, ini lililoshindwa kazi, upungufu wa homoni za tezi dundumio au dawa za usingizi pia hupunguza kasi. Hoja hizo ni za kweli, na zinatosha kuonyesha kuwa EEG peke yake haithibitishi demenshia. Hata hivyo haziurudishi mzigo kwa umri. Magonjwa mengi kati ya hayo hutibika, na mawimbi huweza kurudia kasi yake baada ya tiba. Kwa hiyo mzee ambaye alfa yake imeshuka chini ya 8 anastahili kutafutiwa chanzo, kuanzia dawa anazotumia na vipimo vya damu, kabla ya familia yake kuambiwa kuwa ni uzee.