Amepona sumu ya dawa ya magugu, mbona sasa nyonga inamuuma?

Mtu akinywa parakwati, dawa ya kuua magugu, iwe kwa bahati mbaya au kwa kukusudia, tunahofia kwanza mapafu, figo na ini. Sumu hii haina dawa maalumu ya kuizima, na wengi hufariki. Anayeruhusiwa kurudi nyumbani huhesabiwa kuwa amepona. Lakini kwa baadhi yao kuna tatizo linalochelewa kujitokeza, nalo liko kwenye mifupa.

Tatizo lenyewe ni lipi?

Kichwa cha mfupa wa paja, ile sehemu ya mviringo inayozunguka ndani ya nyonga, hukosa damu. Mfupa usiopata damu hufa taratibu na mwishowe hubonyea. Visa vya aina hii vimeelezwa na madaktari wa China, ambako parakwati ilitumika sana mashambani kabla ya uuzaji wa ile ya maji kupigwa marufuku mwaka 2016.

Husababishwa na nini?

Kinachoshukiwa zaidi ni matibabu, kuliko sumu yenyewe. Ili kujaribu kuyaokoa mapafu yasikakamae, madaktari huweza kumpa mgonjwa steroidi kwa dozi kubwa. Dawa hizo zinaweza kuvuruga mishipa midogo inayopeleka damu kwenye mfupa. Hali hiyo ilionekana pia China kwa watu waliopona ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003. Hao hawakunywa dawa ya magugu, ila wengi walitibiwa kwa steroidi nyingi.

Dalili za kuangalia

Maumivu huweza kuanza miezi kadhaa baada ya matibabu, hata mwaka au zaidi. Huanzia kwenye kinena, nyonga au paja, na wakati mwingine husikika gotini. Mgonjwa huchechemea na hupata shida kuchuchumaa. Mara nyingi nyonga zote mbili huathirika.

Ufanye nini?

• Mweleze daktari kwamba uliwahi kupata sumu na kupewa steroidi. Wengine huficha kwa aibu, wakatibiwa baridi yabisi huku mfupa ukiendelea kufa. Tunza karatasi ulizopewa hospitali.

• Eksirei ya mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Maumivu yakiendelea, uliza kuhusu kipimo cha MRI.

• Usijinunulie deksamethasoni au prednisoloni dukani ili kutuliza maumivu. Hizo nazo ni steroidi: utapata nafuu leo huku ukiongeza hatari.

• Kama bado unatumia steroidi ulizoandikiwa, usiziache ghafla. Daktari ndiye atakayezipunguza kidogo kidogo.

• Acha pombe, na usibebe mizigo mizito mpaka upimwe.

Tatizo likigunduliwa mapema, mgonjwa huweza kutumia magongo ili kupunguza uzito kwenye nyonga, au kufanyiwa upasuaji mdogo wa kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo ndani yake. Nyonga ikishabonyea, mara nyingi linalobaki ni kuwekewa nyonga ya bandia, matibabu ya gharama kubwa ambayo kwa wengi wetu yako mbali na kijiji.

Kwa hiyo familia yenye mtu aliyenusurika isiishie kushukuru tu kwamba yu hai. Mkimwona anachechemea, msimwambie ni uvivu wa kwenda shamba. Mpelekeni akapimwe.