Jina Lililokatwa: Juu ya Kutambua Magitaa ya Fender ya Mwaka 1951

Ala za muziki si jambo ambalo wasomaji wa jarida hili hulikuta mara nyingi katika kurasa zake. Lakini wakusanyaji wa magitaa ya umeme ya kale wanafanya kazi ambayo mtaalamu wa miswada ataitambua mara moja: husoma maandishi mafupi, hupambanua yaliyo ya asili na yaliyoongezwa, na huuliza kila neno liliandikwa na nani, na lini. Katika makala haya nitatazama hasa mfano mmoja, ambao ushahidi wake mkubwa ni neno lisilokuwapo.

Mwaka 1950 Leo Fender, aliyekuwa fundi wa redio katika mji wa Fullerton, California, alianza kuuza gitaa la umeme lenye mwili wa ubao mzito usio na uwazi ndani. La kwanza kutangazwa liliitwa Esquire. Kabla ya mwaka huo kwisha, lile lenye vinasa-sauti viwili lilipewa jina la Broadcaster, yaani mtangazaji, na zama zile zilikuwa zama za redio. Jina hilo halikudumu. Kampuni ya Gretsch ilikuwa tayari ikiuza ngoma kwa jina la Broadkaster, nayo mnamo Februari 1951 ikapeleka simu ya maandishi kudai haki yake. Tofauti ya c na k huonekana kwa jicho, lakini kwa sikio haipo, na safari hii sikio ndilo lililoshinda. Fender hawakushindana. Don Randall, msimamizi wa mauzo, akabuni jina la Telecaster: akakiacha kipande cha mwisho cha neno kama kilivyokuwa, na mbele yake akaitia televisheni.

Hata hivyo vibandiko vyenye jina jipya vilikuwa havijawa tayari, na kazi ya kiwanda haikuweza kungoja. Mafundi wakavitwaa vibandiko vya zamani wakavikata kwa mkasi, wakaondoa Broadcaster na kuacha Fender peke yake. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 1951 magitaa yalitoka kiwandani bila ya jina. Wakusanyaji wa baadaye ndio walioyaita Nocaster, kwa kuweka kikanushi cha Kiingereza mahali pa kipande cha kwanza. Hakuna kibandiko cha mwaka ule chenye neno hilo. Lakini katika miaka ya 1990 kampuni yenyewe ililitwaa liwe jina la magitaa inayoyaunda kwa kuyaiga yale ya kale, na asiyejua habari hii, akilikuta katika orodha ya bidhaa, atadhani ni la tangu asili. Tunayo mifano mingi ya lakabu zilizogeuka majina. Ni michache ambayo tarehe zake zafahamika hivi.

Hapo ndipo penye hatari. Kughushi jina kwahitaji ustadi, bali kuliondoa kwahitaji mkasi tu. Telecaster iliyofutwa jina yaweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko ilivyokuwa na jina lake, na kwa hiyo kichwa cha gitaa, ambacho mgeni hukitazama kwanza, ndicho shahidi dhaifu kuliko wote.

Mkusanyaji mwangalifu huanza kwa kulegeza skurubu nne zinazoshika shingo. Katika kisigino cha shingo hutazamia tarehe iliyoandikwa kwa penseli, pamoja na herufi za fundi; zile za TG, alama ya Tadeo Gomez, hutafutwa sana. Tarehe hiyo ni ya kumalizika kwa shingo, si ya kuunganishwa kwa ala nzima, na shingo yaweza kuhamishwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Nambari iliyogongwa katika bamba la daraja haisaidii sana, maana mabamba hayakutumiwa kwa kufuata mpango wa nambari. Chini ya vifundo vya sauti mna tarakimu nyingine: 304042, kwa mfano, yasema kwamba kifaa kiliundwa na kampuni ya Stackpole, ambayo nambari yake ni 304, katika juma la 42 la mwaka 1950. Kama alama ya maji katika karatasi ya mswada, tarakimu hizo zathibitisha tu kwamba kazi haikufanyika kabla ya siku ile. Nyaya nazo husomwa: hadi mwaka 1952 kifundo cha pili kilichanganya sauti za vinasa viwili, na wenyewe wengi walibadili mpango huo baadaye. Lehemu iliyoguswa hujulikana.

Maandishi ya kiwanda nayo huweza kudanganya. Seth Lover wa Gibson aliomba hataza ya kinasa-sauti chake mwaka 1955, akaipata mwaka 1959. Lakini vibandiko vya kusema kwamba hataza imeombwa viliendelea kutumika miaka kadhaa baada ya hapo. Vilivyofuata vilichapwa nambari 2,737,842. Anayeitafuta nambari hiyo katika daftari za hataza za Marekani atakuta kazi ya Les Paul, tena ni kishikio cha nyuzi, si kinasa-sauti.