Stima Yetu Wenyewe? Ruiru Ilishaanza Zaidi ya Miaka 100 Iliyopita

1/ Kampeni zikifika Mwihoko, Githurai ama Ruiru tauni, hakosi mtu wa kupanda juu ya gari aseme, "Tutatengeneza stima yetu wenyewe!" Watu wanashangilia. Mpinzani wake anajibu kwamba hiyo ni ndoto. Wote wawili wanaongea kana kwamba wazo ni la jana. Sivyo. Huu hapa uzi wa historia, bila chama wala jina la mwanasiasa.

2/ Turudi 1908. Mwaka huo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya kipekee ya kusambaza stima Nairobi, na ikaundwa Nairobi Power and Lighting Syndicate. Mwaka huohuo kule Mombasa, mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alichukua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, na kampuni ya kisiwa ikazaliwa.

3/ Nairobi ilitaka taa. Maporomoko yalikuwa Ruiru. Basi mtambo ukawekwa kwenye mto Ruiru na waya ukavutwa hadi Nairobi. Yaani stima ya mwanzo ya mji mkuu ilitoka huku kwetu, na ilikuwa ya maji. Hiki tunachokiita leo kawi jadidifu ndicho tulichoanza nacho.

4/ Lakini rudia kusoma yale maneno: haki ya kipekee ya kusambaza NAIROBI. Mto ulikuwa Ruiru, karatasi ilikuwa ya Nairobi. Shika hilo, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinarudi hapo. Swali halikuwa kama maji yanaweza kuzungusha mashine. Lilikuwa nani ana leseni, na waya unaelekea wapi.

5/ 1922 kampuni ya Mombasa na ya Nairobi ziliungana, ikawa East African Power and Lighting. Miaka hiyo ya 1920 mtambo wa Ndula ulijengwa kwenye mto Thika, megawati 2 hivi. Miaka ya 1930 ikaleta Mesco na Tana upande wa Murang'a, kisha Wanjii 1952. Mitambo midogo midogo, yote ikilisha kampuni moja.

6/ Halafu mambo yakapanuka. 1954 iliundwa Kenya Power Company kujenga laini ya kuleta stima ya Owen Falls, Uganda, kutoka Tororo hadi Nairobi. Kindaruma kwenye mto Tana ikaanza 1968, mvuke wa Olkaria 1981. Mitambo midogo ikabaki kama tone ndani ya pipa.

7/ Na tuwe wa haki: waliotaka laini moja ya taifa walikuwa na hoja. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mji wa Ruiru. Chukua zile megawati 2 za Ndula uwagawie. Kila mtu anapata wati 4. Hata balbu ya kawaida ya LED ya chumbani inataka zaidi ya hiyo. Anayekwambia mto pekee utatutosha hajapiga hesabu.

8/ Laini moja pia ina bei yake. Agosti 2023 hitilafu ilizima karibu nchi nzima. Na Thika, mji uliokuwa na Ndula ya maji, 2013 ulipata mtambo wa megawati 87 unaochoma mafuta mazito. Ukinunua tokeni, angalia mchanganuo wa makato: kuna pesa za mafuta hapo. Unazilipa hata ukiwa hujui mtambo uko wapi.

9/ Sasa sheria. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka usambazaji wa umeme na gesi kwenye kazi za kaunti. Jedwali hilohilo linaipa serikali ya kitaifa sera ya kawi, usambazaji ukiwemo. Ndiyo maana kwenye mdahalo kila upande unasoma kifungu chake na wote wanaonekana wako sawa.

10/ Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi. Inaruhusu pia mteja mwenye mtambo wake wa hadi megawati 1 kurudisha ziada kwenye laini. Kanuni zake za 2024 zinakurudishia nusu tu: ukitoa uniti 10, unahesabiwa 5. Sola ya kujitumia mwenyewe mchana ina faida kuliko ya kuuza.

11/ Shida ya hapa kwetu ni saa. Watu wa Mwihoko wako kazini mchana, wanawasha kila kitu jioni, jua likiwa limeshazama. Ila pampu za maji hazijali saa. Unaweza kusukuma maji mchana kwa jua, ukajaza matangi, watu wakatumia usiku. Ukitafuta pa kuanzia, kampuni ya maji ya kaunti inaeleweka kuliko ahadi ya kuwashia mji mzima.

12/ Mfano wa karibu uko kwenye majani chai. Viwanda vya KTDA vimejenga mitambo midogo ya maji, kama Gura kule Nyeri na North Mathioya kule Murang'a. Mteja wa kwanza anajulikana: kiwanda chenyewe. Mwenye mali anajulikana: mkulima. Ziada ndiyo inaenda kwenye laini ya taifa.

13/ Mfano wa kuogopesha uko Afrika Kusini. Huko manispaa nyingi hununua stima kwa Eskom na kuuzia wakazi. Nyingi zimekusanya pesa za wateja na bado zina madeni makubwa kwa Eskom. Kwa hivyo "iwe ya kaunti" peke yake si jibu. Hasara inaweza kubadilisha ofisi tu.

14/ Mhesimiwa akija na ahadi hii, usimuulize kama inawezekana. Ruiru ilishajibu. Muulize hivi:
– Mpango wa kawi wa kaunti uko wapi, tuusome?
– Leseni itakuwa kwa jina la nani?
– Mteja wa kwanza ni nani, na atalipa ngapi kwa uniti?
– Usiku tutatumia nini, na betri italipiwa na nani?
– Mtambo ukiharibika mwaka wa tano, pesa za kuurekebisha zinatoka wapi?

Akijibu tatu kati ya hizo tano bila kuzungukazunguka, mskilizeni. Mwenye swali la sita aliweke hapa chini.