Kumfundisha mtoto historia nje ya darasa: Kijiji cha Makumbusho na wazee wa Handeni na Korogwe

Marekani zipo familia zinazowasomesha watoto nyumbani bila kuwapeleka shule. Sehemu ya masomo yao ni kutembelea makumbusho hai, yaani mahali ambapo nyumba za zamani zimesimamishwa na watu wanafanya kazi za zamani mbele ya wageni: kufua chuma, kusuka nguo, kuoka mikate. Makumbusho ya namna hiyo yaliyo maarufu zaidi ni Skansen, yaliyofunguliwa na Artur Hazelius mjini Stockholm, Sweden, mwaka 1891. Viwanda vilikuwa vinafuta maisha ya vijijini, naye akahamishia hapo nyumba nzima nzima kutoka mikoani.

Kwetu, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize. Kwa hiyo mzazi wa Handeni au Korogwe hamwachishi mtoto shule ili amfundishe mwenyewe. Lakini likizo ya Juni na ya Desemba ni zake, na hapo ndipo safari kama hii inapofaa.

Makumbusho yetu ya aina hiyo ni Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1966. Kipo kando ya Barabara Mpya ya Bagamoyo, na kituo cha daladala cha Makumbusho kimepata jina lake hapo. Kutoka Korogwe ni karibu kilomita 300 kupitia Segera na Chalinze. Ukishuka stendi ya Magufuli, Mbezi, utapanda daladala. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, hivyo beba kitambulisho, na kama mnakwenda watoto wengi pigeni simu kabla.

Ndani kuna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, na mara nyingi huchezwa ngoma. Mtoto akipita anatazama tu, atarudi na picha za simu na si zaidi. Mpe swali moja: kwa nini nyumba hii iko hivi? Msonge wa Wahaya umeezekwa nyasi nene kutoka kileleni karibu mpaka chini, kwa sababu Bukoba mvua ni nyingi. Tembe la Wagogo lina paa bapa lililofunikwa udongo, na Dodoma ni kukavu. Paa kama hilo lisingestahimili mvua za Bukoba. Mtoto akishaliona hilo ameelewa kwamba nyumba ya asili ni hesabu ya mvua, miti na mifugo. Hapo anaweza kurudi Kwamsisi au Magoma akaitazama nyumba ya babu yake kwa macho mengine.

Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi si pesa ndogo. Ikikosekana, somo halijafutika. Vitu vingi vinavyowekwa makumbusho kama vya kale, mtoto wa kijijini anavijua: kinu na mchi, mafiga, chungu, ungo. Ambacho hajui ni habari zake, na mwenye habari hizo yupo jirani.

Korogwe, muulizeni mzee kuhusu mkonge. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyopona. Baadaye mashamba yalivuta manamba kutoka Kigoma, Songea na kwingineko, walioitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa. Familia nyingi za hapa zina babu aliyefika kwa njia hiyo, na wajukuu hawajui alitoka kijiji gani.

Handeni kuna habari kubwa zaidi. Katika karne ya 19, njaa iliwatoa Wazigua wengi kwao, wakaishia utumwani Somalia. Waliotoroka walijenga vijiji kandokando ya Mto Juba, na watoto wao wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipowatimua miaka ya 1990, baadhi yao walipokewa hukuhuku Handeni, kwanza Mkuyu kisha Chogo, na wengi walipewa uraia. Safari ya Chogo haihitaji basi la Dar, ingawa kule hakuna maonyesho: ni watu na makazi yao, kwa hiyo anzeni kwa ofisi ya kijiji na mwende na mtu anayefahamika.

Kabla ya kumrekodi mzee kwa simu, mwombeni ruhusa. Mtoto aulize mwenyewe, mzazi akae pembeni. Mwanzoni mwa rekodi atamke jina la mzee, kijiji na tarehe, kisha amwache aseme bila kumkatiza, hata akianza kwa habari za ng'ombe wake. Rekodi hiyo ihifadhiwe kwenye simu mbili, maana simu huanguka majini na kadi ya kumbukumbu huharibika.