Mti Usioliwa na Mchwa

Ukipanda matatu kutoka Kilifi kwenda Malindi, ukishapita Matsangoni, msitu wa Arabuko-Sokoke unakuandama upande wa kushoto hadi karibu na Gede. Ni kilomita za mraba 420 hivi, na umekuwa hifadhi ya serikali tangu 1943. Wageni huingia kumtafuta bundi wa Sokoke. Mimi nataka tuzungumzie mti mmoja tu: muhuhu. Wakikuyu huuita muhugu, na hata Karura pale Nairobi upo. Huku kwetu pwani, mti huu umetakiwa kwa mambo matatu: kukumbuka wafu, kuchonga, na kupika.

Tuanze na wafu. Muhuhu ni mzito, unanukia vizuri, na mchwa hawautaki. Ukichomeka mti laini ardhini huku Kilifi, muda si muda umebaki unga. Ndiyo maana Wagiriama waliupenda kwa kuchongea vigango, nguzo za kuwakumbuka wazee wa Gohu, chama cha watu wenye heshima. Mtu wa kawaida aliwekewa koma, kijiti kifupi tu. Kigango si pambo. Ndani yake mna roho ya mzee, na kikishasimamishwa hakihamishwi. Familia ikihama, chenyewe kinabaki palepale, jua na mvua vikimalize polepole.

Wakoloni walijua uzito wa miti kwa watu hawa. Walipodai vijana wa Kigiriama wakawe vibarua, Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu wakatae. Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Kaya ni msitu mtakatifu. Ukitaka kuwavunja moyo watu wake, unaanza na miti.

Wezi waliokuja baadaye hawakuhitaji baruti. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja karibu na vigango viwili vya ndugu zake. Haukupita muda, vyote viwili vikaibwa. Miaka mingi baadaye Udvardy akakigundua kimoja Illinois State Museum, na kingine Hampton University, Virginia. Kile cha Illinois kilirudi nyumbani 2007. Mwaka 2014 Denver Museum of Nature & Science ikatangaza kwamba itarudisha vigango 30, na 2023 Illinois ikakabidhi vingine 37. Habari njema, lakini vingi havina kumbukumbu ya boma vilikotolewa. Roho ya mzee imerudi Kenya, nyumbani kwake hapajulikani. Na ule ugumu wa muhuhu uliokizuia kigango kisioze ndio uliokiwezesha kuvuka bahari kikiwa kizima.

Jambo la pili ni vinyago. Wale twiga na vifaru wanaopangwa mbele ya hoteli za Malindi si kazi ya jadi ya Wagiriama. Wengi husimulia kwamba ufundi huu uliletwa na Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wachongaji wakafuata watalii hadi Mombasa na Malindi. Mwanzoni mpingo ndio ulikuwa na jina. Mpingo ulipoadimika, shoka likahamia kwa muhuhu.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Muhuhu hukua polepole mno. Una mti dume na mti jike, kwa hiyo ukikata ovyo unaacha wajane msituni. Isitoshe, mingi ikizeeka inakuwa na uwazi ndani. Mchongaji hataki gogo lenye tundu, kwa hiyo miti mizima, ile ambayo ingefaa kuachwa izae, ndiyo inayotangulia kuanguka.

Jambo la tatu ni kuni. Muhuhu unawaka taratibu na makaa yake ni mazuri. Wanavijiji wa kando ya msitu huruhusiwa kwa kibali kuokota kuni zilizokauka, na mara nyingi ni akina mama. Mama aliyebeba mzigo kichwani mchana kweupe ni rahisi kumwona, na ni rahisi kumlaumu. Gogo bichi linalotolewa gizani halina wa kulipigia kelele. Lakini mama anachukua tawi lililokwisha kufa, wakati gogo lile ni mti uliokuwa bado unaishi. Tukisema tu "watu wanamaliza msitu", tunawatia kapu moja watu wasiofanana kabisa.

Njia nyingine zipo, na si ndoto. Wachongaji wa vyama vya ushirika vya Mombasa na Malindi walianza kutumia mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na sasa unaota hadi nyuma ya vyoo vyetu. Unakua haraka, ila lazima ukaushwe vizuri, la sivyo twiga wako atapasuka shingo. Mvinje umekuwa zao la shambani: boriti zinauzwa, matawi yanaingia jikoni. Na tangu 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede umewawezesha wakulima kufuga vipepeo na kuuza pupa wake ng'ambo. Kipepeo anahitaji msitu uwe umesimama.

Sisemi muhuhu usiguswe milele. Wazee waliukata, lakini walikata kigango kimoja kwa mzee mmoja, na kilikaa kuliko waliokichonga. Soko la vinyago halina kipimo hicho, kwa hiyo kipimo lazima kitoke kwa mnunuzi. Siku ukienda Malindi wikendi na ukapenda kinyago, muulize fundi: "Kaka, huu mti gani?" Akisema mwarobaini, usimkatie bei sana. Akisema muhuhu, muulize umetoka wapi, halafu msubiri ajibu kabla hujatoa simu kulipa.